Nikivaa hedifoni simsikii mwanangu, nikivua simsikii baba

Anko, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Tabata na mke wangu na binti yetu wa miezi 8. Tumepanga chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji wanne, choo na bafu viko uani. Mchana nafanya kazi kwenye duka la steshenari, natoa kopi na kuchapa barua za watu. Mke wangu ni fundi cherehani, na cherehani yake iko hapo hapo sebuleni, pembeni ya televisheni. Jambo ninalokuandikia nikiwaambia watu mtaani wanacheka, kwa hiyo naomba wewe usicheke. Nataka kununua hedifoni nzuri, na suala hilo limeninyima amani miezi miwili sasa.

Nina PS4 niliyoinunua mkononi kwa mtu. Nacheza usiku, kuanzia saa 4 mpaka saa 7 hivi, karibu kila siku isipokuwa Jumapili, na marafiki watatu niliosoma nao sekondari. Mmoja yuko Mwanza, wa pili yuko Muscat, wa tatu yuko Mbagala, lakini kwa foleni za jiji hili naye ni kama yuko mkoani. Tunaanza na gemu ya mpira, tukichoka tunahamia ile ya vita. Hatupigiani simu, hatuandikiani, maneno yetu yote tunayasemea humo. Baba alipofariki mwaka jana, hao ndio walioniweka macho usiku mpaka usingizi ukaniridhia. Kwa hiyo mtu akiniambia gemu ni utoto, namnyamazia tu.

Usiku siwezi kutumia spika. Jirani akikohoa tunasikia, na sisi tukicheka anasikia. Hedifoni nilizonazo ni za gemu, zina maiki na taa za rangi. Nilizinunua Kariakoo kwa 95,000, winga akaniapia kwamba ni orijino. Baada ya miezi miwili sikio la kulia likaanza kukatika. Mpaka niushike waya kwa pembe fulani ndipo sauti inarudi. Ngozi ya sponji nayo inabanduka, nikizivua nabaki na vipande vyeusi masikioni kama masizi.

Sasa kuna upande wa muziki. Marehemu baba alikuwa fundi gereji na aliupenda muziki wa dansi kupita kiasi. Kaseti za dukani hakuwa na hela nazo. Alichofanya ni kuweka redio kaseti ndogo mbele ya redio kubwa, kisha Redio Tanzania ikipiga Mlimani Park au Msondo anabonyeza kitufe cha kurekodi na kutuamuru watoto wote tunyamaze. Ameacha kaseti 34 kwenye boksi la viatu. Mwanzoni mwa mwaka nilimpa kijana mmoja anihamishie kwenye flashi, akanihamishia.

Miezi miwili iliyopita nilikwenda kwa rafiki yangu mwenye studio ndogo Sinza. Nikachomeka flashi, akanivalisha hedifoni zake. Wimbo wenyewe naujua tangu sijaanza shule. Lakini siku hiyo, nyuma ya magitaa, nilisikia mtu anakohoa. Kikohozi kifupi, mara mbili, halafu kiti kikaburuzwa kwenye sakafu. Anko, kile ni kikohozi cha baba. Ndivyo alivyokuwa anasafisha koo kila anapotaka kusema jambo. Nilirudisha pale pale mara sita. Rafiki yangu aliona hali yangu, akatoka nje akaniacha.

Nilipofika nyumbani nikavaa hizi zangu, nikatafuta dakika ile ile. Hakuna kitu. Nikajaribu spika ya Bluetooth, hakuna kitu. Tangu siku hiyo natupia hela kwenye kibubu, leo kina 420,000.

Nimezunguka maduka, nimesoma mitandaoni, nimechanganyikiwa zaidi. Wapo wanaosema nichukue za wazi, zile zenye wavu kwa nje, kwamba muziki unapumua na kwenye gemu unajua kabisa adui anatokea wapi. Wapo wanaosema nichukue za kuziba, ndiyo usiku na mimi nipate utulivu wangu. Na hapo ndipo roho inaponiuma.

Wiki tatu zilizopita, saa 5 usiku, mke wangu alikwenda kuoga. Mtoto alikuwa amelala chumbani, mimi niko sebuleni na hedifoni, katikati yetu pazia tu. Mtoto akaamka, akalia. Mimi wakati huo nilikuwa nasikiliza nyayo za adui ndani ya gemu. Mama yake alimsikia kutoka bafuni, huko uani. Akatoka na khanga, mabega yana povu, akanikuta nimekaa hatua tatu kutoka kwa mwanangu, nacheka na yule wa Muscat. Mtoto sauti ilikuwa imeshamkauka. Mke wangu hakunigombeza. Alimbeba, akasema, "Wewe ukivaa hayo madude unakuwa haupo." Mpaka leo hajalirudia.

Nikichukua za kuziba, nitamsikia mtoto hata kidogo? Nikichukua za wazi, si zitavujisha sauti zimwamshe? Halafu mke wangu ana hamu ya mashine ya ovaloki, na kodi ya miezi sita inaisha Desemba. Kuhusu kibubu hajui. Kuhusu kile kikohozi pia hajui. Nikitaka kumweleza koo linaziba.

Kingine kidogo: nikivua hedifoni sikio la kushoto linavuma kama lina mbu. Asubuhi linakuwa limeacha.

Ninunue zipi, Anko? Au niachane nazo?

Msomaji, Tabata

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuondokewa na baba. Kucheka sikucheka. Niliisoma barua yako nikaiweka mezani, nikaenda kukaa barazani, nikarudi kuisoma tena, kwa sababu na mimi nimetumia nusu ya maisha yangu nikiwa na hedifoni kichwani kwenye vyumba vya kurekodia, na najua mtu anavyoweza kukutana na marehemu mle ndani.

Unaniuliza ununue zipi. Ninachokiona kwenye barua yako ni mtu mwenye masikio mawili na watu watatu anaotaka kuwasikia kwa wakati mmoja: baba aliye nyuma ya magitaa, marafiki walio mbali, na mtoto aliye nyuma ya pazia. Wa nne ni mkeo, ambaye alisema sentensi moja akanyamaza. Huyo nitamrudia.

Tuanzie Sinza. Umeshaamini kwamba hedifoni za rafiki yako ndizo zilizokutolea kikohozi cha baba. Inawezekana. Lakini nikuulize: mle studio kulikuwa na feni inazunguka? Sidhani. Studio ndogo za mjini kwetu huwa zimebandikwa sponji au magodoro ukutani, mlango umefungwa, na wakati wa kazi hata kiyoyozi wanakizima. Nyumbani kwako Tabata kuna feni, na kwa joto letu huwezi kuizima. Kuna bodaboda barabarani na maji yanamwagwa uani. Kikohozi cha mtu aliyekaa hatua kadhaa kutoka kwenye redio kaseti ni kitu chembamba mno. Feni peke yake inatosha kukimeza. Kwa hiyo huenda nusu ya kazi siku ile ilifanywa na ukimya wa chumba.

Nusu nyingine naikubali ni ya hedifoni, ila si lazima iwe kwa sababu ya bei. Hedifoni nyingi za gemu zimetengenezwa ili bomu likilipuka ulisikie mpaka kifuani, yaani besi imeongezwa makusudi. Masikio yetu yameumbwa hivi kwamba sauti nzito ikiwa kubwa inaifunika ile nyepesi iliyo juu yake. Sauti ya binadamu, kikohozi chake na kuburuzwa kwa kiti viko katikati, ndipo penye kufunikwa. Hedifoni za studio kazi yake ni kumwonyesha fundi kila kitu kwa kadiri kilivyo, na zipo za bei ya kawaida zinazofanya hivyo.

Kabla hujagusa kibubu, kuna jaribio litakalokugharimu nauli ya daladala tu. Nenda Sinza na hizo zako zilizochoka, sikiliza dakika ile ile mle mle studio, waya ukiushika kwa ile pembe yake. Kisha muombe rafiki yako akuazime zake usiku mmoja, uzilete Tabata, usikilize saa 4 usiku feni ikiwa imewashwa, halafu ikiwa imezimwa. Utajua kwa masikio yako mwenyewe unalipia nini.

Na kaseti zenyewe ziko wapi sasa? Hili limenikaa rohoni kuliko hedifoni. Umenitajia flashi, hukuniambia kama boksi la viatu bado unalo. Ile sauti ilipita kwenye masafa ya redio, ikatoka kwenye spika ya redio kubwa, ikaingia kwenye maiki ndogo ya redio kaseti, ikakaa kwenye utepe miaka yote hiyo, ndipo ikafika kwenye flashi. Kila hatua imekula kidogo. Hedifoni hata za milioni haziwezi kurudisha kilicholiwa njiani, na nyingine zitakutolea mvumo wa utepe wazi zaidi kuliko unavyopenda. Lakini hatua ya mwisho, ya kutoka kwenye utepe kwenda flashi, inaweza kurudiwa vizuri zaidi. Huyo kijana alisafisha kichwa cha deki kwa spiriti? Alikirekebisha kikae sawa na utepe? Alihifadhi kwa MP3 iliyobanwa, au kwa WAV isiyobanwa? Kaseti 34 za dakika 60, zikihifadhiwa kwa WAV ya ubora wa CD, hazizidi GB 22 hivi, flashi ya GB 32 inazibeba zote.

Kwa unyevunyevu wa Dar, tazama ukingo wa utepe kupitia kile kidirisha cha kaseti. Ukiona weupe kama unga, huo ni ukungu, usiichezeshe mpaka isafishwe na anayejua. Na vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, kama bado vipo, vivunje leo. Vikishavunjika hakuna mtu atakayeweza kurekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Sasa hedifoni zenyewe. Za wazi ulizoambiwa ni nzuri kweli, na waliokwambia muziki unapumua hawakukudanganya. Sennheiser HD 600 ziko sokoni tangu 1997 na mpaka leo mafundi wanazisifia kwa jinsi zinavyotoa sauti ya mtu. Magitaa ya dansi, la solo, la pili lake, la ridhimu na la besi, yanakaa kila moja mahali pake kama wapigaji wamejipanga mbele yako. Ila hizo zina ukinzani wa omu 300, yaani zinadai nguvu zaidi ili zisikike vizuri. Ukizichomeka kwenye kidhibiti cha PS4, ambacho nguvu yake ni ndogo, utasikia kwa mbali kama mtu anaongea nyumba ya pili, na utajikuta unatafuta amplifaya. Na zote za wazi, ziwe za bei yoyote, zinaruhusu sauti ipite pande zote mbili. Maana yake feni inaingia. Mtoto naye anaingia, jambo unalolitaka. Lakini milio ya risasi inatoka, na usiku mkubwa, penye pazia tu katikati, mtoto wa miezi 8 anaweza kuisikia.

Za kuziba nazo zina mema yake na maudhi yake. Chukua mfano wa Beyerdynamic DT 770 Pro, ambazo zinatengenezwa za omu 32, za omu 80 na za omu 250. Hiyo ya mwisho kwenye kidhibiti itakuchosha. Za omu 80 zina sponji za kitambaa laini mithili ya mahameli, na kwa joto la kwetu hilo ni jambo kubwa. Wewe mwenyewe umeshaona ngozi ya bandia inavyofanywa na jasho. Sponji zake zinabadilishwa zikichoka. Audio-Technica ATH-M50x, nazo za kuziba, waya wake unachomolewa kwa kuuzungusha, na mwenye mtoto anayekaribia kutambaa atajua faida ya kubadilisha waya peke yake ukivutwa ukakatika. Hizi zote mbili ni za studio, hazina maiki. Utahitaji maiki ndogo ya kubana kwenye kola na kigawanyo cha tundu moja kuwa mawili. Inawezekana, ila ni vitu viwili zaidi vya kupotea chini ya cherehani.

Jambo moja watu husahau. Ukizibwa masikio, husikii sauti yako mwenyewe vizuri, na bila kujua unapaza. Unaweza kununua za kuziba ili usimwamshe mtoto, ukamwamsha kwa kumpigia kelele yule wa Mwanza apige pasi. Kwa za wazi unajisikia unapoongea, unanong'ona bila kukumbushwa. Ndiyo maana siwezi kukwambia kwamba aina hii ni ya usiku na ile siyo.

Kuhusu kujua adui anatokea wapi, usibabaishwe na maandishi ya 7.1 kwenye boksi, yaani madai ya spika nane zinazokuzunguka. Mara nyingi mle ndani mna spika mbili tu, moja kwa kila sikio, mengine ni mahesabu ya programu. Binadamu anajua sauti inatoka wapi kwa kuwa inafika sikio moja kabla ya jingine, kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kwa kuwa inafika sikio moja ikiwa kubwa zaidi. Hedifoni yoyote yenye pande mbili zilizo sawa inakupa hilo. Zako upande wa kulia umekufa nusu, kwa hiyo adui wote kwako wanatokea kushoto. Fundi anayebadilisha waya na pini, pamoja na sponji mpya, anaweza kukurudishia uwanja mzima kwa hela ndogo, ukabaki na swali la muziki peke yake. Je, ni lazima hedifoni moja ifanye kazi zote mbili? Ulivyoandika ni kama hilo limeshaamuliwa. Gemu inataka maiki, inataka kuvumilia kutupwa kwenye kochi. Kaseti za baba zinataka dakika ishirini za utulivu, labda Jumapili mchana. Huenda ni vifaa viwili vya bei tofauti, na huenda ni kimoja tu, lakini litazame upya.

Za Bluetooth kwa gemu ziweke pembeni. PS4 haizikubali hedifoni za kawaida za Bluetooth, na hata kwenye simu sauti inachelewa kiasi cha kuona risasi kwanza halafu ndipo usikie mlio.

Ukienda dukani, nenda na simu yako na wimbo unaoujua kwa moyo. Vaa, geuza kichwa, tikisa waya kwenye maungio yake yote, hakikisha kushoto ni kushoto. Ingia duka lenye jina mlangoni na risiti ya EFD. Winga simlaumu, anatafuta riziki, ila kesho humpati pale ulipomwacha.

Sasa sikio. Hapa sitakuzungusha. Sikio la kulia la hedifoni linakatika, wewe unapandisha sauti ili usikie, feni nayo inakufanya upandishe zaidi, na mzigo wote unabebwa na sikio la kushoto. Ndilo linalovuma. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 mtu mzima anaweza kuivumilia saa 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 90 ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Wewe unavaa saa 3 kwa usiku, siku sita, hizo ni saa 18. Ule mvumo unaoacha asubuhi ni sikio linalolalamika na bado linaweza kupona. Chembe za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena. Kabla ya kununua chochote, pumzika siku kadhaa, kisha ukapimwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Idara hiyo ipo Muhimbili, na daktari wa hospitali iliyo jirani nawe anaweza kukuandikia rufaa. Nakwambia hivi kwa uchungu, kwa sababu nawajua mafundi wenzangu ambao leo wanamwomba mjukuu arudie neno.

Nirudi kwa mtoto. Hakuna hedifoni itakayokulindia mwana. Za wazi zitakusaidia kumsikia, lakini gemu ikipamba moto hata mwenye masikio wazi hasikii. Kuna watu wanavaa upande mmoja tu, wanapoteza raha ya muziki lakini wanabaki nyumbani. Kuna wanaogeuza kochi ili pazia liwe mbele ya macho. Kuna wanaokubaliana na mwenzao kwamba asitoke nje mpaka amemgusa bega na huyu amevua. Lipi linafaa kwenu, sijui, na nadhani hata wewe hujui, kwa sababu hamjakaa mkaliongelea. Umeubeba usiku ule peke yako kama hukumu. Na yeye labda ameubeba peke yake pia.

Alisema, "Unakuwa haupo." Wewe umesikia neno kuhusu madude ya kichwani. Mimi sikuwepo, lakini najiuliza kama hakuwa anasema kuhusu mwaka mzima tangu msiba. Amemwona mumewe akikaa macho usiku na watu wa Muscat na Mwanza, akijifungia masikio, na hajui ndani ya yale masikio kuna nini. Kwa anavyoona yeye ni gemu tu. Ungekuwa wewe uko upande wake wa pazia, ungefikiri nini?

Kumwambia kuna hatari zake, sikufichi. Anaweza kusema hela hiyo tununue ovaloki, na atakuwa na hoja, maana ovaloki inaingiza hela na Desemba haiko mbali. Anaweza kukasirika kwamba kibubu kilikuwepo na yeye anahesabu sarafu za luku. Unaweza kuanza kulia katikati ya sentensi. Kutomwambia nako kuna hatari: siku boksi jipya litakapoingia sebuleni litajieleza lenyewe, na halitajieleza vizuri. Inawezekana pia mkagawa zile 420,000, sehemu ikaenda kwa fundi na kwa kaseti, nyingine ikabaki kwa kodi. Au mkaamua vyovyote vingine ambavyo mimi nisiyelala nyumba hiyo siwezi kuviona.

Ukisema koo linaziba, nakuelewa. Basi usianze na maneno. Ukishaazima zile hedifoni za Sinza, subiri mtoto alale, zima feni kwa dakika tano hata kama kuna joto. Mwambie mkeo aache kushona kidogo. Mvalishe wewe mwenyewe, mrekebishie zimkae vizuri juu ya kilemba, sauti iwe ya chini. Weka ule wimbo, dakika ile ile. Usimwambie anatafuta nini. Alimfahamu baba mkwe wake, alimpikia, alimsikia akisafisha koo mezani kabla ya kusema jambo. Kaa mbele yake umtazame uso.